Saratani ya Seli Bapa na Sura Zake Adimu Chini ya Hadubini

Mwanafunzi wa sekondari anayesoma Biolojia, awe Manyoni mjini au Itigi, aghalabu hukutana na seli ya mwili wake mwenyewe kwa mara ya kwanza kwa njia ifuatayo. Hukwangua taratibu upande wa ndani wa shavu lake kwa kijiti safi, akapaka ute alioupata juu ya kioo, akadondosha tone la rangi ya methilini buluu, akafunika kwa kioo chembamba, kisha akachungulia. Anachokiona ni kama vigae vilivyotawanyika: vipana, vyembamba, pembe zake hazilingani, na katikati ya kila kigae pana doa moja la buluu iliyokolea. Doa hilo ni kiini. Kigae chenyewe ni seli bapa.

Tumeanza na zoezi hilo kwa makusudi, maana ugonjwa tunaouzungumzia katika makala haya huanzia katika seli za jamii hiyo hiyo. Seli bapa huifunika ngozi yote, hutanda kinywani, kooni na katika umio, na katika mlango wa kizazi. Hata kibofu cha mkojo, ambacho kwa kawaida hakina seli za namna hiyo, huweza kuota seli bapa kikisumbuliwa kwa miaka mingi na mayai ya kichocho. Popote zilipo, saratani inayoweza kuzuka kutokana nazo ni ya ukoo mmoja: saratani ya seli bapa, ambayo hospitalini husikika ikiitwa skwamasi. Hapa tutaishughulikia ile ya ngozi, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho, na kwa sababu jua la Manyoni lina fungu lake ndani yake.

Ngozi na mpaka wake

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi imo safu moja ya seli nene zenye viini vikubwa, zilizosimama wima kama matofali yaliyopangwa kwa ubavu. Hizo ndizo zizaazo. Kila seli inapogawanyika, moja hubaki chini na nyingine husukumwa juu. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopanuka na kuwa bapa, na hujaa protini ngumu iitwayo keratini, ile ile iliyomo katika kucha, nywele na pembe za ng'ombe. Mwisho kiini chake hunyauka, nayo hufa na kubanduka. Safari nzima huchukua kiasi cha mwezi mmoja. Zikiwa njiani, seli hizi hushikana kwa viungo vidogo sana ambavyo chini ya hadubini huonekana kama miiba mifupi au madaraja. Na chini ya ile safu ya uzazi upo utando mwembamba unaoitenga na tabaka la ndani, lenye mishipa ya damu, neva na nyuzinyuzi. Utando huo ndio mpaka.

Saratani ni uvunjaji wa mpaka huo. Mtaalamu wa patholojia anapotazama saratani ya seli bapa ya kawaida, huona visiwa vya seli vilivyouvuka utando na kuingia ndani. Viini vimevimba, vimekolea rangi, ukubwa wake haulingani; seli zinagawanyika mahali ambapo hazikupaswa kugawanyika. Lakini bado zinaikumbuka kazi yake ya zamani. Zinaendelea kutengeneza keratini, ila kwa kuwa zimo ndani ya nyama na hazina pa kuibandulia, huizungusha katikati yao tabaka juu ya tabaka, mithili ya maganda ya kitunguu. Mviringo huo wa waridi wataalamu wameuita lulu. Ni jina zuri kupita kiasi kwa kitu chenyewe.

Mwaka 1920 Albert Broders wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza kwamba saratani za midomo zipangwe katika madaraja manne, kwa kutazama ni seli ngapi ambazo bado zinafanana na seli bapa zilizokomaa. Lulu zikiwa nyingi na madaraja yakionekana, ugonjwa huwa mpole kiasi. Lulu zikitoweka na viini vikiharibika, ugonjwa huwa mkali. Kanuni hiyo ingali inatumika pamoja na marekebisho yake. Mara nyingi inafaa. Sura adimu tunazozijia hivi punde ndizo zinazoikaidi.

Jua la Manyoni

Mji wa Manyoni uko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ukifika ukingoni kwenye Kilimatinde unaliona Bonde la Ufa likitanda chini kuelekea Bahi. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema mwezi Oktoba. Machi huweza kuwa na mawingu ya mvua. Oktoba, mwishoni mwa kiangazi, hakuna kinga ya wingu wala ya jani, kwani vichaka vya Itigi vimekwisha kupukutisha majani yake. Mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa jicho, huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na kwa hiyo mkulima wa alizeti wa Manyoni huipata kwa wingi kuliko mvuvi wa Bagamoyo aliye chini ya anga safi kama lake.

Mionzi hiyo ikifika katika kiini cha seli huweza kuzigandamanisha herufi mbili za DNA zilizokaa jirani. Seli inazo njia za kuyanyofoa makosa hayo na kuyasahihisha, lakini si yote husahihishwa. Miongoni mwa jeni zinazoharibiwa mapema ni ile iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye hitilafu isigawanyike, au kuiamuru ife. Mlinzi akianguka, kila kosa linalofuata hupita bila kuulizwa.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Seli za rangi zilizoko katika safu ya chini hutengeneza melanini na kuigawia majirani, nayo hujikusanya juu ya kiini cha kila seli kama kofia. Kwa watu wenye ualbino kofia hiyo haipo, au ni hafifu mno. (Vitabu vya zamani, pamoja na vya shule, viliwaita kwa neno ambalo leo halifai kuchapishwa.) Idadi ya seli zao za rangi ni ya kawaida, kinachokosekana ni uwezo wa kuitengeneza rangi yenyewe. Mwaka 1995 uchunguzi wa Watanzania wenye ualbino ulionyesha kwamba wengi wao wana pengo lile lile katika jeni iitwayo OCA2, mahali ambapo herufi zipatazo 2,700 zimenyofoka. Mtoto huzaliwa na hali hiyo pale tu anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia, ambao wenyewe huweza kuwa weusi tii.

Mwalimu wa Hisabati anaweza kushirikiana na mwenzake wa Biolojia hapa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1985 yalisema kwamba Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Kipeuo cha pili cha 1,400 ni 37 na kitu. Yaani katika kila nakala 37 hivi za jeni hiyo, moja ina hitilafu. Kila mtu ana nakala mbili. Ukikokotoa utaona kwamba karibu mtu mmoja kati ya 19 huibeba hitilafu hiyo bila kujua. Katika darasa la wanafunzi 40 wapo wawili.

Gharama ya kukosa kofia ni kubwa. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichunguzwa wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi kati ya mwaka 2001 na 2010. Robo tatu yao walikuwa na saratani ya seli bapa. Zaidi ya saba katika kila kumi walikuwa na uvimbe au kidonda kichwani au shingoni. Na umri wa katikati, ule ambao nusu ya wagonjwa wako chini yake na nusu juu yake, ulikuwa miaka 30. Ulaya ugonjwa huu ni wa wazee waliokwisha kupita miaka 60.

Ipo njia ya pili ya kuifikia saratani hii, ambayo haiulizi rangi ya mtu. Ni kovu. Mtoto aliyeungua kwa moto wa mafiga, akapona kwa kovu kubwa lililo gumu na linalopasuka mara kwa mara. Au mtu mwenye donda ndugu mguuni lisilofunga mwaka hata mwaka: hao wote seli zao zimo katika kazi ya kuziba pengo bila kupumzika, na baada ya miaka 20 au 30 moja wapo huweza kuasi. Kidonda hicho kimepewa jina la Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika juu ya vidonda vya makovu mwaka 1828, ingawa yeye mwenyewe hakutambua kwamba ni saratani. Katika hospitali za Afrika Mashariki, katikati ya karne ya 20, saratani ya mguuni iliyozuka juu ya donda ndugu ilikuwa miongoni mwa saratani za ngozi zilizoonekana mara nyingi.

Safari ya kinyama

Jicho la daktari, hata likiwa zoefu, haliwezi kuapa kwamba kidonda fulani ni saratani. Hukatwa kipande kidogo, ambacho watu wa hospitali hukiita kinyama, kikapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Wataalamu hao ni wachache, na maabara zao ziko katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando. Kutoka Manyoni hadi Dodoma peke yake ni kiasi cha kilomita 130 za barabara, na kinyama huweza kuendelea mbele zaidi. Kwa hiyo yampasa kinyama asafiri akiwa hai kwa maana moja na mfu kwa maana nyingine: seli zake zimekufa, lakini umbo lake halikuoza.

Kazi hiyo hufanywa na formalini ya asilimia 10, ambayo ujazo wake sharti uwe mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe. Mara nyingi kosa huanzia hapa. Kinyama kikubwa kikisukumizwa ndani ya kichupa chenye mdomo mwembamba, na formalini ikifika nusu tu, katikati yake huoza njiani. Na kikitiwa katika maji ya chumvi badala ya formalini, maabara hupokea uji. Hakuna hadubini duniani iwezayo kuusoma uji.

Kinyama kilichofika salama hukaushwa maji yake, hujazwa nta ya parafini, hukatwa vipande vyenye unene wa sehemu tatu hadi tano za elfu ya milimita, kisha hutiwa rangi mbili. Ya kwanza, hematoksilini, hutokana na kiini cha mti wa Amerika ya Kati, nayo huvipaka viini vya seli rangi ya zambarau. Ya pili, eosini, huipaka keratini na nyuzinyuzi rangi ya waridi. Karibu yote tuliyoyaeleza hapo juu juu ya lulu na visiwa yanasomwa kwa rangi hizo mbili tu.

Saratani iliyojivika sura ya chunjua

Tuchukue mfano wa mkulima ambaye tunambuni kwa ajili ya maelezo haya. Ana umri wa miaka 50, huvaa katambuga, na chini ya wayo wake wa kulia kimeota kitu kigumu tangu miaka sita iliyopita. Mwanzo alidhani ni sugu. Baadaye kikawa kama chunjua kubwa, chenye vijishimo vinavyotoa uchafu mweupe wenye harufu mbaya. Tabibu anakata kinyama kutoka juu, pale palipo rahisi kukata. Majibu yanarudi: ni chunjua, hakuna saratani. Mkulima anakwenda zake akiwa na furaha, na baada ya miaka miwili kitu kile kimekwisha kufika kwenye mfupa.

Nani amekosea? Maabara imesema kweli juu ya kile kilichokuwa kwenye kioo. Aina hii ya saratani ya seli bapa huwa na keratini nene juu, na seli zake zimekomaa vizuri mno. Viini havina dosari kubwa, na mgawanyiko usio wa kawaida hauonekani. Kwa kanuni ya Broders ingepewa daraja la upole kabisa. Ubaya wake hauko katika sura ya seli moja moja, bali katika mwenendo wa jumuiya nzima kule chini. Haipenyi kwa vidole vyembamba kama saratani nyingine. Hushuka kwa vishina vinene vya mviringo, ambavyo wataalamu huvifananisha na nyayo za tembo, ikiisukuma nyama iliyo mbele yake bila kuichana. Asiyeuona ukingo wa chini hawezi kuitambua.

Lauren Ackerman, Mmarekani, aliieleza saratani ya namna hii kutoka kinywani mwaka 1948. Mwaka 1954 Ian Aird na wenzake, Uingereza, walieleza ile ya wayo na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya mashimo ya sungura, kwa sababu ya njia zilizojaa keratini zinazopinda na kukutana ndani ya nyama. Msomaji wa Manyoni hana haja ya sungura: apasue kichuguu atazame njia za mchwa.

Jina hilo likiandikwa sawasawa hubadili tiba. Saratani ya sura ya chunjua ni nadra kufika kwenye tezi au mapafu. Tezi za mtoki zikivimba, mara nyingi ni kwa sababu ya uambukizo wa kidonda. Hivyo mgonjwa huweza kupona kwa kukatwa uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama nzima, bila kuondolewa tezi. Zipo pia taarifa za zamani zilizodai kwamba saratani ya aina hii, ikipigwa mionzi, huweza kugeuka kuwa kali. Wataalamu wamebishana sana juu ya madai hayo, lakini upasuaji ndio unaotangulizwa. Yote hayo yanategemea kwamba yule aliyekata kinyama alikata kwa kina.

Seli zilizosahau asili yake

Sura ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Hapa seli ni mbaya waziwazi; tatizo ni kujua zimetoka wapi. Ni ndefu, zimechongoka ncha zote mbili kama punje za mpunga, nazo hupita makundi kwa makundi kama mkondo wa maji. Hazina lulu, hazina madaraja. Saratani hii hupenda ngozi iliyopigwa na jua kwa muda mrefu, na mahali palipopata kupigwa mionzi au kuungua.

Mtaalamu akiiona kwenye kioo kilichotoka usoni mwa kijana, maswali humiminika. Je, ni saratani ya misuli? Je, ni ile ya seli za rangi, isiyo na rangi? Kwa mgonjwa mwenye ualbino swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutafuta melanini, maana haipo kwa vyovyote. Na katika Afrika Mashariki lipo swali ambalo mwenzake wa Ulaya haulizwi mara nyingi: je, ni Kaposi? Kaposi nayo hujengwa na seli ndefu zilizochongoka, na tiba yake ni tofauti kabisa, kwani kwa mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI huanza kwa dawa za kuvifubaza virusi hivyo, pamoja na dawa za saratani pale zinapohitajika. Saratani ya seli bapa hutaka kisu.

Jambo la kwanza afanyalo mtaalamu mwenye subira ni la zamani: huagiza vipande zaidi vikatwe kutoka katika nta ile ile, akatafuta mahali ambapo uvimbe unagusana na tabaka la juu la ngozi, au chembe moja ya keratini iliyosahauliwa. Akikosa, hutumia kingamwili, yaani protini zilizotayarishwa ili zinase kitu kimoja tu na kukitia rangi ya kahawia. Zipo zinazonasa keratini hata ikiwa kidogo sana. Zipo zinazonasa protini iitwayo p63 ndani ya kiini, ambayo ni kama kitambulisho cha seli bapa. Zipo zinazonasa S100, inayoelekeza kwenye seli za rangi. Na ipo inayonasa alama ya virusi vya Kaposi. Kingamwili hizi ni ghali na huharibika zisipohifadhiwa katika baridi. Kwa maoni yangu hazimpunguzii kazi mtu mwenye macho. Humpa tu mahali pa kuuliza.

Seli zilizoachana

Sura ya tatu imewahi kuwadanganya hata mabingwa. Katika hali hii madaraja yanayoziunga seli hukatika. Zile za katikati ya kisiwa huachana na kuelea, na zile za pembeni hubaki zimezunguka uwazi. Kwa mbali kisiwa hicho hufanana na tezi iliyokatwa. Walter Lever alipoieleza mwaka 1947 aliihesabu miongoni mwa uvimbe wa tezi za jasho. Baadaye ndipo ilipofahamika kwamba ni seli bapa zilizopoteza mshikamano. Nafasi hizo zikijaa chembe za damu, huweza kudhaniwa kuwa ni saratani ya mishipa ya damu.

Wakati huo huo ipo saratani nyingine, adimu zaidi, ambamo seli bapa na tezi za kweli hukaa pamoja katika uvimbe mmoja. Kuzitenga hizi mbili kuna jaribio moja la bei nafuu: tezi ya kweli hutoa ute, na ute hushika rangi nyekundu ya kamini, inayotokana na wadudu wadogo waishio juu ya mpungate. Uwazi wa seli zilizoachana hauna ute, na rangi haishiki. Tofauti hiyo si ya kujifurahisha, kwa sababu ile yenye tezi za kweli ina tabia ya kurudi na kusambaa.

Zipo na nyingine. Kuna aina ambayo seli zake huonekana tupu na nyeupe kama mapovu, na aina ambayo seli za saratani zimezungukwa na umati wa chembe nyeupe za damu hata hazionekani kwa urahisi. Wataalamu wa patholojia wana udhaifu wa kupenda majina, na si kila jina lina faida kwa mgonjwa. Lakini moja halipaswi kupitwa: ile ambayo nyuzi chache nyembamba za seli bapa hupenya ndani ya nyama iliyojaa kovu gumu, na mara nyingi huifuata neva. Mgonjwa huweza kulalamika ganzi au kuchomwachomwa hata kabla uvimbe haujawa mkubwa. Mwaka 1997 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, waligundua kwamba aina hiyo ilisambaa mara sita zaidi, na kurudi mahali pale pale mara kumi zaidi, kuliko saratani nyingine za seli bapa za ngozi.

Mji huo huo ulitoa mwaka 2008 uchunguzi mwingine wa wagonjwa 615, ambao ungefaa kubandikwa katika kila chumba cha upasuaji mdogo. Uvimbe wenye unene usiozidi milimita 2 haukusambaa hata kwa mgonjwa mmoja. Uliozidi milimita 2 lakini haukupita 6 ulisambaa kwa asilimia 4 ya wagonjwa. Uliopita milimita 6 ulisambaa kwa asilimia 16. Rula ya mwanafunzi inatosha kuonyesha jinsi tofauti hiyo ilivyo ndogo: ni upana wa punje chache za uwele.

Fomu na kitalu cha nta

Ndani ya milimita hizo mbili ndimo mwenye kuishi na mgonjwa ana nguvu kuliko maabara. Mwalimu humwona mwanafunzi mwenye ualbino kila siku. Daktari humwona akiwa amekwisha kuumwa. Kigaga kikavu juu ya sikio, mdomo wa chini au mgongo wa mkono, kinachobanduka na kurudi, bado hakijavuka utando. Kikigandishwa kwa naitrojeni ya maji kazi imekwisha. Kidonda kisichopona katika majuma manne ni cha kupelekwa hospitali, si cha kupakwa majivu. Kofia pana, mikono mirefu, gwaride lililowahi asubuhi badala ya saa sita mchana, na dawati la mbele lisilopigwa na jua la dirishani, maana macho yao nayo huona kwa shida: hayo hayahitaji kibali cha wizara. Mafuta ya Kilisun, ya kujikinga na jua, yametayarishwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanzishwa KCMC mwaka 1992, ambacho pia kimekuwa kikituma wataalamu wake kwenda kuwaona wagonjwa vijijini.

Na pale kinyama kinapokatwa, karatasi inayokisindikiza ina thamani kama kichupa chenyewe. Fomu iliyoandikwa "kidonda mguuni" humwacha msomaji gizani. Ikiandikwa kwamba mgonjwa ana ualbino, au kwamba kidonda kimo juu ya kovu la moto la miaka 25, au kwamba kitu hiki cha wayoni kimekua kwa miaka sita na kinyama kimekatwa kutoka juu tu, basi mtaalamu aliye mamia ya kilomita mbali atajua la kutafuta, na asipoliona ataomba kinyama kingine kilicho kirefu badala ya kuandika neno "chunjua".

Vitalu vya nta havitupwi. Maabara huvihifadhi kwa miaka mingi, kila kimoja na namba yake, na humo nta haiozi wala haibadiliki. Kinyama kilichokatwa Manyoni zamani, kikasomwa kwa zambarau na waridi peke yake na kuandikwa kuwa saratani isiyojulikana asili yake, chaweza kutolewa kabatini leo, kikakatwa upya kwa unene wa sehemu tatu za elfu ya milimita, kikatiwa kingamwili ambayo haikuwako siku kile kichupa kilipopakiwa kwenye basi.